Mwenda wa Bayeke na Albamu Iliyokosa Wenyewe

Tangu mwaka 1952, kila aliyejaribu kuupiga wimbo wa "Masanga" amekuwa akishindana na mtu mmoja asiyeshindika: kijana wa miaka 22 wa Jadotville, mji wa Kongo ambao leo unaitwa Likasi, aliyelishika gitaa lake mbele ya kipaza sauti, akapiga, akaenda zake. Hata mwenye wimbo mwenyewe, Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke, hakuepuka shindano hilo. Mwaka 1988, alipoingia studio huko Cape Town kurekodi albamu ambayo ingekuja kuwa ya mwisho, alikuwa na miaka 58, na yule kijana alikuwa ameshatangulia kufika na kujikalia kitini. Mzee akapimwa kwa kijana, na hukumu ikawa ile wanayoizoea wasanii wote wa umri wake: si mbaya, lakini si ile ya zamani. Naona hukumu hiyo ilitolewa na baraza lisilotimia. Waliopata nafasi ya kuisikia albamu na kuizungumzia walikuwa zaidi watu waliosikia vidole vya Mwenda bila kuyaelewa maneno yake. Waliokuwa wakiyaelewa, watu wa Bunkeya, Likasi, Kolwezi na Lubumbashi, walikuwa miaka hiyo na misiba mingine ya kushughulikia.

Kwa msomaji aliyezaliwa baada ya muziki huu kupungua redioni, inafaa kueleza kwanza mtu huyu alikuwa nani. Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, katika eneo la Lubudi, ambalo liko mkoa wa Lualaba tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015. Bunkeya si kijiji hivi hivi. Ndiyo iliyokuwa makao makuu ya Msiri, aliyetoka Unyamwezi katika karne ya 19 akajenga dola ya Wayeke juu ya biashara ya shaba, pembe za ndovu na watumwa, mpaka alipopigwa risasi na watu wa msafara wa kikoloni wa Stairs tarehe 20 Desemba 1891. Mwenda ni jina la ukoo huo wa kifalme, na msanii anayejiita "wa Bayeke" anatangaza alikotoka kabla hajagusa uzi wa gitaa. Njia za misafara zilizowaleta Wayeke zilileta na Kiswahili pia, ingawa mizizi yake mirefu ilishuka baadaye, kwenye makambi ya wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya shaba iliyoundwa mwaka 1906. Mtu wa Kasai, mtu wa Rwanda, Mluba na Mlunda walihitaji lugha moja ya kazini na ya mtaani, na Kiswahili cha Katanga kikawa ndicho. Miaka ileile ya mwanzo wa 1950 Wabelgiji walikuwa wakijenga bwawa la umeme la Nzilo juu ya mto Lualaba, karibu na Kolwezi, wakaliita Delcommune. Umeme huo ulikuwa wa mitambo ya shaba kwanza. Muziki wa makambini ulikuwa bado wa gitaa kavu, lisilohitaji waya.

Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini na kuzunguka nchi nyingi na mashine zake za kurekodi, alimkuta Mwenda Jadotville mwaka huo wa 1952. Alichokikuta ni upigaji wa vidole viwili vya mkono wa kulia, gumba na kidole cha shahada: gumba likitembea chini kwenye besi, cha shahada kikizunguka juu kwa mwendo wake mwingine, hata asiyemwona mpigaji akaapa kwamba magitaa ni mawili. "Masanga" ilipewa tuzo ya Osborn ya mwaka 1952, tuzo iliyokuwa ikitolewa kwa muziki bora wa Kiafrika uliorekodiwa, na santuri za Gallotone zikaubeba mbali na Katanga. Mwaka 1961 na 1962 mtaalamu David Rycroft alichapisha katika jarida la African Music utafiti wa sehemu mbili, akizichambua noti za Mwenda moja baada ya nyingine kwa makini ambayo wapigaji wachache wa Afrika walikuwa wamewahi kupewa wakati ule. Utafiti huo ni kazi ya heshima, lakini uangalie ulihusu nini: ubunifu wa Mwenda kwenye gitaa. Hapo ndipo sikio la wageni lilipotia nanga, na halijaing'oa hadi leo.

Simlaumu Rycroft. Mtu huandika anachokisikia, na noti za gitaa zinasikika London kama zinavyosikika Likasi. Ila nyimbo za Mwenda hazikuwa gitaa tupu. "Masanga" yenyewe ilirekodiwa kwa gitaa peke yake na ikarekodiwa tena ikiwa na maneno, lakini iliyokwenda ng'ambo na kukaa huko ni ile isiyo na maneno, na hilo si jambo la bahati. Ukitazama tu majina ya nyimbo zake nyingine, kama "Tajiri na Mali Yake" au "Mama na Mwana", unajua uko kwenye baraza la watu wanaosimuliana mambo ya nyumba na ya fedha. Aliimba kwa Kiswahili cha kwao, kile ambamo watu ni "batu" na mtoto ni "mutoto", Kiswahili ambacho mwalimu wa sarufi wa Unguja angekitia wino mwekundu kila mstari. Kwa mfanyakazi aliyeshuka zamu huko Kolwezi, gitaa lilikuwa mwenyeji anayefungua mlango, na maneno ndiyo mgeni aliyekuja kuzungumza. Asiyeyasikia maneno amesimama mlangoni akiusifu mlango.

Ushahidi mmoja mzuri wa tofauti ya masikio haya unatoka Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alifika Nairobi, akakaa huko kwa muda na kuwa na kipindi chake redioni. Ndugu yake katika muziki, Edouard Masengo, alikaa zaidi. Wapigaji wa Kenya walikula vidole vya Katanga mpaka vikawa vya kwao, hasa kwa Waluhya, ambako gitaa la vidole lilistawi kwa akina George Mukabi. Lakini msikilizaji wa kawaida wa Nairobi au Kisumu, asiyejua kushika gitaa, alimpenda Mwenda kwa nini? Kwa sababu alimwelewa. Angeweza kuyachekea matamshi, lakini kisa alikipata. Redio ya Kiswahili ilimpa Mwenda wasikilizaji wenye masikio mawili, la sauti na la maneno. Mwaka 1969, alipopanda jukwaa la tamasha la Newport nchini Marekani, alisimama mbele ya umati mkubwa wenye moja tu kati ya hayo mawili. Umati huo ulijua kuthamini gitaa la vidole, maana jukwaa hilohilo lilikuwa limewapokea wazee wa bluzi wa kusini mwa Marekani. Ulichokosa ni Kiswahili.

Tuje sasa kwenye 1988. Kwa nini mwanamuziki aliyekuwa akiishi Lubumbashi akarekodi Cape Town? Ramani ya shaba inasaidia kujibu. Reli ya Benguela, iliyokuwa ikiibeba shaba ya Kolwezi na Likasi kuelekea bahari ya Atlantiki, ilifungwa na vita vya Angola mwaka 1975, na sehemu kubwa ya madini ya Shaba, kama mkoa ulivyoitwa wakati ule, ikawa inashuka kusini hadi bandari za Afrika Kusini. Bidhaa, vipuri na wafanyabiashara walipita njia hiyohiyo. Kinshasa, wenye studio na wenye fedha za muziki walikuwa wameshageukia rumba ya magitaa ya umeme na Kilingala miaka mingi nyuma, na mpiga gitaa kavu anayeimba Kiswahili hakuwa na foleni ya watayarishaji mlangoni. Lakini njia ya kusini nayo ilikuwa na miiba yake. Afrika Kusini ilikuwa bado chini ya ubaguzi wa rangi, na vikwazo vya kitamaduni vilivyoungwa mkono na Umoja wa Mataifa vilikuwa vingali vinafanya kazi. Miaka miwili tu kabla, Paul Simon alikuwa ameshambuliwa huku na huku kwa kurekodi Johannesburg nyimbo za albamu ya Graceland. Simon alikuwa na jina na kampuni kubwa za kumkinga. Mzee wa Bunkeya hakuwa navyo, na santuri iliyozaliwa Cape Town mwaka 1988 haikuwa na barabara nyingi za kutokea.

Ilitoka kwa nguvu zaidi mwaka 1994, pale kampuni ya Rounder ya Marekani ilipoisambaza kwa diski kwa jina la Mwenda wa Bayeke: African Guitar Legend. Mwenyewe alikuwa ameshafariki miaka minne nyuma. Jina la diski hiyo linasema kila kitu kuhusu sikio lililokusudiwa: linamtangaza kama gwiji wa gitaa la Afrika, na habari ya kuimba au ya Kiswahili haimo. Wauzaji hawakukosea kibiashara. Mnunuzi wa Boston au Paris aliyemjua Mwenda alimjua kwa "Masanga", ambayo ilikuwa imepita kwenye mikusanyiko mingi ya muziki wa Afrika, na alikuwa akinunua vidole. Akifika nyumbani anaweka diski, anasubiri kijana wa 1952, na kijana haji. Sauti iliyomo ni safi ya studio, bila mikwaruzo ya santuri ya zamani ambayo wapenzi wengi huichanganya na ukweli wa muziki. Hapo lawama inaanza, na inaanza kwa haki kwa mtu aliyenunua kitu kimoja akauziwa kingine. Kosa ni kuigeuza lawama ya mnunuzi huyo kuwa hukumu ya kazi yenyewe.

Na wenyewe walikuwa wapi? Mwenda alikufa katika ajali ya gari Septemba 1990. Mwezi huohuo, sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, pale Kolwezi, iliporomoka, na pamoja nayo ukaanguka mgongo wa Gécamines, kampuni ya taifa iliyoirithi migodi ya Union Minière. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni hiyo ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Katikati ya miaka ya 1990 haikufikisha 50,000. Nyuma ya takwimu hizo kuna mishahara iliyosimama, hospitali za kampuni zilizoishiwa dawa, na shule zilizofungwa milango. Septemba 1991 askari wasiolipwa walianza kupora Kinshasa, na uporaji ukaenea hadi miji ya Shaba. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala wiki na miezi kwenye vituo vya reli wakingoja treni. Sasa niambie ni nani, katika miji hiyo, mwaka 1994, angekuwa na fedha ya kununua diski ya Marekani, mashine ya kuipigia na umeme wa kuiwasha, halafu akae atafakari kama mzee wa Bunkeya bado anaijua kazi yake. Kimya cha nyumbani hakikuwa maoni. Jumba lilikuwa linaungua, na hakuna anayeulizwa habari ya ngoma jumba linapoungua.

Kuna pingamizi hapa ambalo siwezi kulipita kando, kwa sababu lina ukweli ndani yake. Mtu atasema: usiisingizie Kamoto, watu wa nyumbani walikuwa wameshamwacha Mwenda zamani. Ni kweli kwamba kufikia miaka ya 1970 vijana wa Likasi na Kolwezi walicheza nyimbo za nyota wa Kinshasa, Franco, Rochereau na Zaïko Langa Langa, na kwamba redio ya taifa ya rais Mobutu, yenye makao Kinshasa, ilivuta kila sikio upande wa Kilingala. Mwenda mwenyewe aliusoma wakati, akaunda bendi ya umeme, Super Shaba, pale Lubumbashi, na hakuishi kwa gitaa kavu pekee. Lakini kumwacha msanii kwenye ukumbi wa dansi si kumwacha kwenye kumbukumbu. John Low, mpiga gitaa Mwingereza, alisafiri hadi Shaba kuzitafuta nyimbo za Katanga za miaka ya 1950 na 1960, na shajara ya safari yake, iliyochapishwa mwaka 1982, ni ya mtu aliyekwenda kutafuta waliosahauliwa akakuta bado wako hai, wanakumbukwa, na wanaweza kupiga. Mwaka huohuo wa 1982 Mwenda alikuwa Ulaya akipiga, na rekodi zake za Berlin zikatolewa baadaye. Aliyekwisha haitwi hivyo. Isitoshe, muziki ulioachwa na vijana kwenye dansi ndio huo ambao watu hao hao huurudia wakifika miaka hamsini, wakiwa wamekaa. Albamu ya 1988 ilikuwa ya watu waliokaa. Ilistahili kukutana na kizazi cha 1952 kikiwa kimestaafu, chini ya mwembe, na kizazi hicho kikapokea badala ya kiinua mgongo cha Gécamines karatasi isiyo na thamani.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, na wanaolitoa huwa ni wapigaji wenyewe. Wanasema muziki ni sauti kwanza; maneno yana heshima yake, lakini vidole vya miaka 58 si vya miaka 22, na huruma haiwezi kubadilisha hesabu hiyo. Nakubali nusu yake. Kwa wepesi na kwa ule moto wa mtu asiyejua kama atarekodiwa tena, "Masanga" ya 1952 haijapitwa, na sitarajii ipitwe. Lakini kasi si umahiri wote wa gitaa la vidole, na historia ya gitaa hilo inatoa shahidi mzuri. Mississippi John Hurt alirekodi mwaka 1928 akiwa na miaka thelathini na kitu, akapotea machoni pa soko kwa miaka 35, akapatikana tena 1963 akiwa mzee wa mashambani. Rekodi alizofanya tangu hapo hadi kifo chake mwaka 1966 zinapendwa na wengi kuliko za ujanani, si kwa sababu ni za kasi zaidi bali kwa sababu kila noti imekaa mahali pake kama mtu aliyezoea kiti chake. Hakuna aliyemtaka Hurt awe kijana, kwa kuwa ni wachache waliokuwa na santuri zake za 1928 vichwani. Mwenda alikosa bahati hiyo ya kusahauliwa. Tena, Elijah Wald, mpiga gitaa na mwandishi wa Marekani, alifunga safari hadi Lubumbashi kujifunza kwa Mwenda na Masengo katika miaka yao ya uzee, na watu wa fani yake hawaendi mbali hivyo kumtafuta mwalimu ambaye vidole vyake vimekwisha.

Mizani hii ya kazi ya kwanza inawasumbua hata wakubwa wa rock. Black Sabbath wa Uingereza walitoa mwaka 2013 albamu yao ya mwisho ya studio, 13, na mtayarishaji wao, Rick Rubin, aliwataka waziwazi waurudie moyo wa albamu yao ya kwanza ya 1970. Wapenzi wakafurahi, albamu ikafika nambari moja nyumbani kwao, jambo ambalo halikuwatokea tangu Paranoid ya mwaka huohuo wa 1970. Baadhi ya wahakiki wakalalamika kwamba wazee wanajiiga wenyewe. Pande zote mbili zilikuwa zimeshika rula moja, iliyokatwa miaka 43 nyuma. Angalau Sabbath walipata miaka mingine ya majukwaa, wakaaga wakijua wanaaga.

Mwenda hakujua. Hili ndilo wanalolisahau wanaoisikiliza albamu ya 1988 kama wasia. Ajali haitangazi siku yake, na mtu wa miaka 58 anayerekodi Cape Town ana kila sababu ya kudhani atarekodi tena. Sisi ndio tuliokuja baadaye na neno "mwisho", tukalibandika kwenye jalada. Neno hilo lina nguvu ya kupotosha sikio. Wakongo walishaliona mwaka mmoja kabla ya kifo cha Mwenda, pale Franco alipotoa na Sam Mangwana albamu ya For Ever, mwaka 1989. Picha ya jaladani ilimwonyesha Franco, jitu la bendi ya TPOK Jazz, akiwa amekonda, na mazungumzo ya mitaani yakahama kutoka kwenye nyimbo kwenda kwenye ugonjwa. Franco alifariki tarehe 12 Oktoba mwaka huohuo, na albamu ikabaki cheti cha hospitali masikioni mwa wengi. Wapenzi wa Beatles nao hubishana mpaka leo kama albamu ya mwisho ni Let It Be, iliyotoka mwisho mwaka 1970, au Abbey Road, iliyorekodiwa baadaye lakini ikatoka mwanzo mwaka 1969, na jibu linabadilisha namna wanavyozisikia zote mbili. Ikiwa tarehe ya dukani inaweza kuubadilisha wimbo hivyo, basi tuiogope. Albamu ya Mwenda isikilizwe kama kazi ya mwaka 1988, ya mtu aliyekuwa bado na mipango.

Ikisikilizwa hivyo, ina nini? Ina jambo ambalo santuri za ujanani hazikuweza kubeba hata zingetaka. Santuri ya zama za Tracey ilikuwa na nafasi ya dakika tatu hivi kila upande, na kisa cha Katanga hakipendi kufupishwa. Msimulizi huzunguka, hurudi, humsalimia fulani, kisha huendelea. Studio ya 1988 iliufuta ukomo huo, na ikaiweka sauti ya mwimbaji mbele, wazi, mahali ambapo kila "batu" na kila "mutoto" inasikika ilivyotamkwa. Kwa mchunguzi wa Kiswahili cha Katanga hiyo ni hazina peke yake. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliandika mwaka 1986 jinsi Kiswahili hicho kilivyotumiwa na wakoloni kuwapanga wafanyakazi. Hapa tunaye mtu wa lugha hiyohiyo anayeitumia kwa raha yake, bila msimamizi, akiwa na umri wa kujua uzito wa neno. Naiweka albamu hii chini ya "Masanga" kwa gitaa, na juu yake kwa uimbaji, na sioni sababu ya kuziunganisha alama hizo mbili kuwa moja.

Najua jibu litakalokuja: kama wenyewe hawakuihukumu wakati ule, nani atawaambia leo, miaka zaidi ya thelathini baadaye, wakati Kolwezi ni mji wa kobalti, wachimbaji wadogo na magari ya kampuni za kigeni, na vijana wake wana nyimbo zao? Nasema hukumu iliyochelewa si hukumu iliyofutwa. Rekodi za Katanga alizozifanya Tracey katika miaka ya 1950 zilikaa muda mrefu kwenye maktaba kabla ya kutolewa upya kwa diski, na zikapata wasikilizaji wapya waliozijadili kama kazi za juzi. Tofauti ni kwamba wakati huu hatuna muda wa kuchezea. Mtoto wa miaka kumi aliyesimama barabarani Jadotville mwaka 1952 kusikiliza gitaa la Mwenda, leo amepita miaka themanini. Anayajua mafumbo ambayo hakuna mtafiti wa noti atakayeyafungua, anajua tajiri yule alikuwa nani mtaani na kwa nini watu walicheka pale walipocheka. Akiondoka, tutabaki na vidole.

Basi hili ni ombi kwa watangazaji wa redio za Kolwezi, Likasi na Bunkeya. Albamu ya Cape Town ipigeni nzima, jioni moja, kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, bila kuitanguliza "Masanga" mbele yake. Kisha fungueni simu, na wa kwanza kusikilizwa wawe wazee.